Kifurushi cha Malkia wa Misri pale Mwanjelwa: kusuka na nyonyo nimekubali, wanja hapana

Haya naleta mrejesho, maana toka sendofu ya mtoto wa dada yangu jumamosi iliyopita simu haijapumzika, kila mtu anauliza zile nywele nimesukia wapi na wengine wanauliza kile kifurushi cha Malkia wa Misri kilichosambaa kwenye magrupu ni cha kweli au maneno tu. Nimeenda, nimekaa pale kuanzia saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, mi na bibi harusi mwenyewe, kwahiyo ninachosema nimekiona. Saluni ipo Mwanjelwa hapa Mbeya, nyuma ya soko, chini ni duka la vipodozi vya asili, juu ndo wanasuka. Jina sitaji kwa sababu kuna jambo moja sikulipenda kabisa na nimeshamwambia mwenye duka uso kwa uso akaahidi kulirekebisha, sio vizuri kumwangushia mtu biashara wakati anajirekebisha.

Kifurushi ni 65,000 kwa kichwa kimoja. Ndani yake kuna kusuka pamoja na rasta zao, stimingi ya mafuta ya nyonyo na asali, hina mikono na miguu, kichupa cha wanja cha kwenda nacho nyumbani, na nguo yako ya shughuli kufukizwa udi. Nilipiga hesabu pale pale kwa bei zao za ukutani, kusuka 25,000, rasta paketi nne 12,000, stimingi 10,000, hina 15,000, wanja 5,000, udi 3,000, jumla 70,000. Kwahiyo unaokoa elfu tano, sio nyingi ila haujaibiwa.

Sasa niseme kwanini hilo jina la Misri lilinivuta mpaka nikatoka Uyole na baridi lile la mwezi wa saba. Mi ni fundi wa nguo, huu mwaka wa 14 nipo kwenye cherehani. Miaka kadhaa nyuma mteja wangu alinionyesha kwenye simu picha ya gauni la Tarkhan, la kitani, limetoka Misri, wamelipima wakakuta lilifumwa kati ya mwaka 3482 na 3102 KK, yaani zaidi ya miaka 5000 iliyopita. Lina pinde ndogondogo mabegani na mikononi zimebanwa kwa mkono, nilikuza picha mpaka ikaanza kupasuka nikitafuta zinaanzia wapi. Lilichimbwa mwaka 1913 likakaa miaka yote hiyo ndani ya rundo la vitambaa vichafu hakuna aliyejua ni nini, mpaka mwaka 1977 wakafungua lile rundo wakalisafisha, sasa hivi lipo makumbusho ya Petrie kule London. Ila mi kilichonimaliza ni viwiko na makwapa, pana mikunjo ya kuvaliwa. Fundi yeyote anaijua hiyo mikunjo, ni ile unayoikuta kwenye gauni linaloletwa kupunguzwa, mtu kakunja mkono, kabeba kitu, katoa jasho. Umbo lake wanasema lingemtosha msichana au mwanamke mwembamba. Nilikaa na ile picha wiki nzima. Toka hapo nasoma chochote ninachokipata kuhusu wanawake wa Misri ya kale, wale wa kawaida zaidi ya malkia.

Kwahiyo nilipofika pale nikaona ukuta mzima wa ngazi wamebandika Cleopatra, ana fringi na taji la nyoka, na maandishi "siri za urembo za Cleopatra", nikamwambia mwenye duka kwa upole tu, dada hapa umewanyima haki wenyewe. Cleopatra alikufa mwaka 30 KK, ukoo wake ulikuwa wa Wagiriki wa Makedonia, na kati ya kujengwa piramidi kubwa la Khufu na yeye kuzaliwa imepita karibu miaka 2500. Ukihesabu, Cleopatra yupo karibu na sisi tunaosukia Mwanjelwa kuliko alivyo karibu na waliojenga hilo piramidi. Nyonyo, hina, wanja na nywele za kuunga vilishakuwa vitu vya kila siku kwa wanawake wa kule karne na karne kabla bibi yake hajazaliwa. Dada wa watu alinisikiliza mpaka mwisho, hakukasirika, akasema basi anti ukikaa juu tuambie vizuri. Huo ndo mwanzo wa mimi kuongea siku nzima.

Mapokezi yao ni mazuri sana, hili naliweka juu kabisa. Unafika unasalimiwa vizuri, unapewa kiti chenye mto, unaletewa chai ya maziwa ya ng'ombe yenye tangawizi na maandazi mawili, haulipii. Kwa baridi la Mbeya chai hiyo ni nusu ya huduma. Kasoro niliyoikuta asubuhi ni maji. Hita yao inachemsha kidogo, mteja wa kwanza na wa pili wanaoshwa na maji ya moto, wa tatu ukija wewe unaoshwa na maji ya baridi mpaka utosi unakufa ganzi. Mimi nilikuwa wa tatu. Waongeze hata birika kubwa tu la mkaa, halina gharama.

Pembeni yangu alikaa bibi mmoja ametoka Rungwe, amekuja mjini kwa ajili ya ubarikio wa mjukuu, anasukwa twende kilioni ya uzi, hataki rasta. Tulipoletewa chai nikakumbuka picha moja nikaitafuta kwenye simu nikawaonyesha. Ni jeneza la jiwe la Kawit, mmoja wa wake za mfalme Mentuhotep wa Pili, lina zaidi ya miaka 4000, lilitoka Deir el-Bahari na lipo makumbusho ya Kairo. Pale ubavuni wamechonga Kawit amekaa kwenye kiti, mkono mmoja ameshika kioo, mwingine ameinua kikombe anakunywa, na nyuma yake amesimama msusi anamtengeneza nywele kifungu kwa kifungu. Wasusi wote wakaacha vichwa wakaja kuangalia, mmoja akasema angalia vidole anavyovishika, ameshagawa fungu huyo. Kweli kabisa, vidole vimeshika fungu la nywele vile vile, miaka 4000 mkono wa msusi haujabadilika.

Bibi yeye akaangalia upande mwingine wa picha. Kwenye lile lile jeneza kuna ng'ombe anakamuliwa na ndama wake amefungwa kwenye mguu wa mbele wa mama yake, na jichoni mwa ng'ombe wamechonga chozi. Bibi akaishika simu kwa mikono miwili akasema, "Mwanangu, hawa walifuga kweli. Ndama usipomsogeza, mama haachii maziwa." Akaniambia hata kwao walikuwa wanafanya hivyo hivyo, ndama anafungwa pale aonekane, ng'ombe anadhani anamnyonyesha. Mi nilishaisoma ile picha mara ngapi sijui na sikuwahi kuielewa yule ndama anafanya nini pale. Ndaga fijo, yaani asante sana bibi, popote ulipo.

Haya tuje kwenye kusuka kwenyewe. Walinisuka wasichana wawili, zile zisizo na fundo, nyembamba, mpaka chini ya mabega, masaa matano na nusu. Kichwa hakikuuma hata siku ya kwanza, nywele za mbele hawakuzivuta, na kwenye kisogo ambapo wengi wanalipua wao wamepanga mistari kama wamepima na rula. Wanachukua rasta kidogo kidogo wanaongeza kadiri wanavyoshuka, kwahiyo shina linabaki jepesi. Huyu binti aliyesuka kulia ana mkono ambao sijauona Mbeya nzima, mi ni mtu wa kushona najua mshono uliotulia ukoje.

Na hapa ndo nataka wale wanaosema kuunga nywele ni mambo ya kizungu ya juzi wanisikilize. Amarna, mji alioujenga farao Akhenaten kwenye miaka ya 1340 KK, wamechimba makaburi ya watu wa kawaida wakamkuta mwanamke ana nywele za kuunga kama 70, zimefungwa kwa tabaka kichwani mwake, na ripoti ikatoka mwaka 2014. Hakuhifadhiwa kwa madawa kama wale wa kifalme, alizungushiwa mkeka tu akazikwa, mwili umeisha lakini kazi ya msusi imebaki. Na wengine waliokutwa pale walikuwa wamesuka, na wamepaka mafuta kushikisha mtindo. Nikamwambia yule binti, sabini, akauliza alimlipa nani na masaa mangapi, na kweli ni swali ambalo ningependa kumuuliza yule mwanamke mwenyewe. Mwenye uwezo zaidi alikuwa na wigi. Kuna mwanamke aliitwa Merit, mke wa Kha aliyekuwa msimamizi wa ujenzi, kaburi lao lilifunguliwa mwaka 1906 likiwa halijaguswa na vitu vyake vipo Turin kule Italia, wigi lake la nywele za binadamu lilikutwa kwenye kabati lake maalum la mbao, na sanduku lake la vipodozi likiwa na vichupa vyake ndani. Hata sasa hivi ukitembea nyumba za watu Forest au Block T utakuta droo hiyo hiyo ya mama, vichupa vinagongana ukiifungua.

Kwenye saa sita hivi yule msusi wa kulia akaanza kukunja uso, akawa anasimama anashika kiuno. Mwenye saluni akamuuliza kwa sauti ya chini, ilikuwa siku zake na tumbo lake huwa linamkata vibaya. Akamwambia malizia huo mstari ukapumzike, fulani atashika, na hela yako ya leo ipo. Sikutegemea, nimefanya kazi ya kuajiriwa zamani nikiwa binti kwenye kiwanda kidogo cha ushonaji na pale ukisema hivyo unaambiwa wewe sio wa kwanza kuumwa tumbo. Nikawasimulia kuna kipande cha jiwe kipo makumbusho ya Uingereza, daftari la mahudhurio ya mafundi waliokuwa wanachonga makaburi ya wafalme, mwaka wa 40 wa utawala wa farao Ramesse wa Pili. Mwandishi ameandika majina na nani hakuja na kwanini, huyu anaumwa macho, huyu ameng'atwa na nge, huyu anapika pombe, na wengine sababu ni kwamba mke au binti yake yupo kwenye hedhi. Imeandikwa hivyo hivyo wazi kwenye daftari la kazi, zaidi ya miaka 3200 iliyopita, mwanaume kabaki nyumbani kwa sababu mwanamke wa nyumba yake yupo kwenye siku zake. Wale mabinti walinyamaza kwanza, alafu yule anayeumwa akasema, kwahiyo waliandika. Ndio mwanangu, waliandika.

Mafuta ya nyonyo yao ndo bidhaa niliyoipenda kuliko zote na ningeenda kwa hayo tu. Wanakamua wenyewe, mbegu zinakaangwa zinatwangwa zinachemshwa, mafuta yanaenguliwa juu, ukiyashika ni mazito yanavutika kama asali na yana ile harufu ya moshi kidogo, sio yale meupe yasiyo na harufu yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia. Chupa ya mililita 100 ni 6,000. Wanayapasha kwenye maji ya moto kwanza, wanatia asali kidogo, wanakukanda kichwani taratibu, alafu taulo la moto. Msianze kutafuna mbegu zake jamani, mbegu mbichi ya nyonyo ni sumu, mafuta ndo salama. Na hili nalo sio la Cleopatra, lipo kwenye mafunjo ya Ebers ya mnamo mwaka 1550 KK, yale maandishi ya tiba, pale kwenye habari za mnyonyo yanasema mbegu zake zinasagwa, zinachanganywa kwenye mafuta, na mwanamke anajipaka kichwani nywele ziote. Anajipaka mwenyewe. Mi hilo neno nalipenda, maana ni dawa ambayo mama yangu na bibi yangu walijipaka wenyewe bila kwenda kwa mtu.

Tukiwa chini ya mataulo pale dirishani unaliona soko lote, kina mama wa viazi, wa parachichi, wa ndizi za Tukuyu wanashusha mikungu, na wanaume wachache wamekaa kwenye kivuli cha mafuso. Herodotus yule Mgiriki alipoenda Misri karne ya 5 KK alishangaa akaandika kwamba kule wanawake ndo wanaoenda sokoni kufanya biashara na wanaume wapo nyumbani wanafuma. Najua alikuwa anatia chumvi, kusuka vitambaa wanawake walifanya sana tu, kuna mifano midogo ya mbao inawaonyesha wamejaa kwenye chumba cha kufumia, na kuna sanamu za wanawake wamepiga magoti wanasaga nafaka kwenye jiwe, mchanga wa hayo mawe uliingia kwenye mkate ukawamaliza meno. Ila kwamba walishika hela zao na mizigo yao, hilo hakutia chumvi.

Hina nimeipa alama zote. Dada anayechora hatumii piko, amekataa kabisa hata wateja wakimlazimisha, anasema ameona mikono iliyovimba malengelenge kwa hizo rangi nyeusi za kuchanganya na hataki dhambi. Anatumia unga wa hina na limao na chai ya rangi, inatoka nyekundu ya udongo. Inakauka taratibu kwa baridi la huku, masaa mawili unakaa umenyoosha mikono. Na bibi alicheka nilipomwambia kwenye yale makaburi ya Amarna kuna fuvu lina mvi na kuzunguka mvi pana rangi nyekundu ya chungwa, waliochunguza wanadhani ni hina. Akasema kumbe na wao hawakuzitaka.

Sasa wanja. Hapa naomba wenye watoto wadogo msome polepole.

Kichupa wanachokupa ni kizuri kwa macho, cha kioo cha bluu, kijiti cha mbao, kimeandikwa "wanja halisi wa Misri". Basi. Hakuna viungo, hakuna tarehe, hakuna alama ya ubora ya TBS, hakuna aliyetengeneza. Nilimpaka bibi harusi jicho moja pale kujaribu, dakika kumi macho yakaanza kuwasha akawa analia tu machozi, tukamwosha na maji safi mpaka yakatulia. Nikauliza umetengenezwa na nini, msichana wa dukani akasema ni jiwe la asili mama, ndo lile lile la malkia. Na mimi hapo ndo nikaogopa, kwa sababu najua lile la zamani lilikuwa nini. Wanja mweusi wa Misri ya kale ulitoka kwenye galena, jiwe linalong'aa, ambalo ni madini ya risasi, walilichimba Gebel Zeit pembeni ya Bahari ya Sham, na ule wa kijani ulitoka kwenye malakiti, jiwe la shaba, la Sinai. Walipaka wanawake, wanaume na watoto, kwa urembo na kwa kinga ya jua na magonjwa ya macho. Wafaransa walichunguza mabaki ya vichupa vya makumbusho ya Louvre wakakuta hata chumvi za risasi ambazo hazitokei zenyewe, zilitengenezwa kwa makusudi, na mwaka 2010 wakasema kwa kiasi kidogo sana huenda ziliusaidia mwili kupigana na vijidudu vya macho. Watu wanaikatia habari hapo wanauza. Mwisho wa habari ni kwamba risasi ni sumu, inajikusanya mwilini, na kwa mtoto inaharibu ubongo na haurudi ulivyokuwa. Wale mama wa Misri walifanya kwa walichokijua. Sisi tunajua zaidi na bado tunawapaka vichanga wanja wa manga usiojulikana umetoka wapi eti jicho likue.

Nilimwita mwenye duka. Sikupiga kelele, nilimweka pembeni na mikono yangu ya hina nikiwa nimeinyoosha hivyo hivyo. Akasema ananunua jumla kwa mtu Dar es Salaam na hakuwahi kuuliza. Nikamwambia dada, mafuta yako unayakamua mwenyewe unajua kila kitu kilichomo, hina mchoraji wako anajua kilichomo, kwanini jicho ndo uliache kwa mtu usiyemjua. Akaniangalia, akasema una haki. Akakata 5,000 yangu na ya bibi harusi. Bibi harusi kwenye sendofu tulimpaka penseli ya kawaida yenye alama na anwani, alitoka vizuri tu.

Udi ni kawaida, umefanya kazi, sina la kuongeza.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho hakipo kwenye kifurushi ila ndo kilichonifanya nikae kuandika haya yote. Tukisubiri hina ikauke, bibi harusi akaniuliza, mamdogo, hao wanawake wakiolewa vitu vyao walikuwa wanaandika? Maana jumamosi MC atatangaza friji, kitanda, jiko la gesi, vyombo, mablanketi, shangazi ametoa ng'ombe, na yeye alikuwa na wasiwasi nacho hicho kitu kimya kimya toka wiki iliyopita. Nikamwambia ndio, kuanzia kama karne ya 7 KK tuna karatasi za ndoa, na baadaye zikawa zinaorodhesha mali ambayo mke ameingia nayo kitu kwa kitu na thamani yake, na wakiachana anaondoka nazo au analipwa thamani. Na mwanamke aliweza kuacha, kushtaki, kuwa shahidi, kununua na kuuza ardhi kwa jina lake. Sio wote walifanikiwa na wengi walikuwa maskini wa kutupwa, na watumwa walikuwepo, siwezi kuwadanganya kwamba ilikuwa peponi. Ila sheria iliwatambua. Sisi Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanaume na bado najua akina mama huku kwetu waliotolewa kwenye migomba waliyoipanda wenyewe, hata arobaini ya marehemu haijafika.

Mwenye saluni akaleta kitabu chake cha risiti. Kwa sababu mimi na bibi harusi mikono ilikuwa na hina, yule binti aliyekuwa anaumwa tumbo, hakuwa ameenda nyumbani, alikuwa amelala kwenye benchi, akaamka akaandika nyuma ya karatasi, bibi harusi anataja yeye anaandika. Friji. Kitanda futi tano kwa sita. Ng'ombe jike mmoja kutoka kwa shangazi. Karatasi mbili zikajaa.

Ndo bibi akaniambia, na akishazeeka? Nikamsimulia Naunakhte. Mwanamke wa Deir el-Medina, kile kijiji cha mafundi wa makaburi, mwaka wa 3 wa Ramesse wa Tano, kama 1145 KK. Alilea watoto wanane, akawapa kila mmoja vitu vya kuanzia maisha kama desturi ilivyotaka. Akazeeka. Akaenda mbele ya baraza la kijiji na mashahidi akasema mimi ni mwanamke huru, nimewalea hawa, sasa nimezeeka na wengine hawanitunzi, aliyenishika mkono nitampa mali yangu na asiyenishika sitampa. Ikaandikwa. Waliomtupa akawakata kwenye fungu lake, la baba yao hakuligusa kwa sababu halikuwa lake. Mtoto mmoja wa kiume, Kenherkhopshef, akamwongezea zawadi juu ya wenzake, bakuli la shaba la kunawia.

Bibi alikaa kimya muda, msusi anamalizia mstari wa mwisho. Alafu akauliza, "Hilo bakuli alimpa kwa sababu alimtunza?" Nikamwambia ndio bibi, imeandikwa kabisa ni nyongeza yake. Akauliza tena jina la yule mama, nikamtajia, akalirudia kwa taabu mara mbili. Akaomba kioo.

Kwa mnaotaka kwenda, wanafungua saa mbili, jumapili baada ya ibada, lipa namba ipo, na kwa kusuka piga simu siku moja kabla ukate nafasi ya kwanza au ya pili ya asubuhi, kwa ajili ya yale maji. Chukueni kusuka, stimingi na hina, mtaridhika. Jana jioni mwenye duka amenitumia picha ya kabati lake la chini, ile rafu ya vichupa vya bluu ipo wazi, na ngazini Cleopatra kamsogeza pembeni, katikati kamweka Kawit na kikombe chake.